Santuri Iliyoruka Mistari Miwili

Wanasema kisasi ni cha Mungu. Mimi niliona Mungu ana foleni ndefu, nikaamua kumsaidia.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa na hadithi moja aliyoitembeza katika kila sherehe ya Wakongo hapa Stockholm. Eti yule mwimbaji wa kizungu wa zamani, wa suti na sauti laini, ni shangazi aliyemleta katika ukoo wetu. Eti aliinunua santuri yake dukani, Bukavu. "Neuf, mpya kabisa, haikuwa na mkwaruzo hata mmoja," alikuwa akisema, kisha anashika maikrofoni na kuimba wimbo wa kwanza wa upande wa pili.

Uongo mtupu. Santuri ilikuwa ya mama yangu, aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa uuguzi. Siku ya kuondoa matanga ya baba, shangazi alikuja na mkokoteni akabeba santuri, gramafoni na cherehani. "Vya kaka yangu," alisema. Ndiyo desturi: upande wa mume unachukua, mjane anaangalia chini. Mama aliangalia chini. Mwaka ule alitushonea sare za shule kwa mkono.

Vita vikatutawanya, santuri ikapotelea huko, sisi tukaja kukutana hapa Stockholm, mtaa wa Farsta, kanisa moja, benchi moja. Kila nilipochemka, mama aliniambia, "Mwachie Mungu, mwanangu." Lakini watu walimwamini shangazi. Walimwona mama mshamba aliyefundishwa muziki na wifi yake. Nilitaka kitu kimoja tu: shangazi aseme ukweli kwa mdomo wake, mbele ya watu walewale, mama angali hai.

Mwaka huu nikaikuta santuri ile dukani, imetolewa upya, nene, inang'aa. Nikaipeleka nyumbani nikaanza kuimba nayo. Ubeti wa pili nikajikuta niko kwenye kiitikio peke yangu, na yule mzungu bado anaimba mistari miwili ambayo sijawahi kuisikia maishani. Nikakumbuka. Nikiwa mtoto niliikwaruza santuri ya mama kwa ufunguo wa kabati, nikachapwa, na tangu siku hiyo sindano iliruka pale pale. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka binti yangu akaniuliza kwa Kiswidi kama ninaumwa.

Shangazi alitimiza miaka sabini. Ukumbi ulikuwa kitongoji cha Jordbro, umejaa, mama ameketi meza ya mbele. Nikampelekea santuri ile mpya kama zawadi, pamoja na kifaa cha kuipigia. Alinikumbatia, akawaambia watu, "Mnaona? Huyu ndiye mtoto." Kisha akarudia hadithi yake yote, mkwaruzo usiokuwepo na kila kitu, nami nikamwacha amalize. Nikaweka sindano.

Ubeti wa kwanza aliimba vizuri, sikatai. Wa pili akaruka. Yeye yuko kwenye kiitikio, mwimbaji anaendelea taratibu na mistari yake miwili. Shangazi akageuka kukitazama kifaa, maikrofoni bado mdomoni.

Nikazima. "Shangazi," nikasema, "santuri yako haikuwa na mkwaruzo. Kuruka hapo ulijifunzia wapi? Mimi niliikwaruza ya mama, nyumbani kwetu, kwa ufunguo wa kabati."

Ukumbi mzima ulisikia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye alikuwa ameitembea miaka mingi sana, na nilifurahi kuona imemwishia. Sioni haya kusema nilifurahi.

Alimgeukia mama. Kisha akasema kwenye maikrofoni, kwa sauti ndogo, "Ilikuwa yako, wifi. Nisamehe."

Nikajiandaa kumsikia mama akimwachia Mungu. Mama akafuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja, akakiweka kando ya sahani.

"Haya, santuri tumemaliza," akasema. "Cherehani yangu je?"