Baba Mapacha

Mpimaji wa maabara ile ya Ibadan hamwiti mtu kwa jina. Kila mwanaume anayekuja kupima mbegu za kiume, kwake ni Baba Mapacha. "Baba Mapacha, chukua kikopo chako! Ukitoka nacho nyumbani kibane kwapani, kisipate baridi. Na usinimwagie wanangu njiani!" Benchi zima hucheka, na aibu huwapungua. Vidole vyake vyembamba vinanuka spiriti, naye huvifuta kimoja kimoja kabla ya kugusa kikopo cha mtu. Akishainamia darubini, kidole gumba hubonyeza kidude cha kuhesabia, ta-ta-ta-ta, kama mvua juu ya bati, huku akiimba puani.

Gbolahan aliketi nje ya pazia, kwapa lake lingali na joto la kikopo. Miaka sita mkewe Morenike amekunywa dawa chungu za mama mkwe, na sasa mama huyo ameshamtafutia mwanawe mke mwingine. Pazia halizuii sauti. Ilisikika ta. Akasubiri. Ta. Wimbo ukakatika. Baada ya kimya kirefu kioo cha darubini kikabadilishwa, kidole kikaanza upya: ta. Gbolahan akajikuta anakihimiza kwa midomo, endelea, endelea bwana.

Mpimaji alitoka akifuta vidole kimoja kimoja, ingawa vyote vilikuwa vikavu. Wanaume wa kwenye benchi wakainua vichwa, tayari kucheka.

"Bwana Gbolahan," aliita taratibu. "Hebu ingia ndani kidogo, kaka."