Mikebe ya Sajini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa, nikiwa bibi wa meno machache, lazima nishushe pumzi kwanza ndipo niendelee kusimulia. Ni siku watu wa Kitale walipokuja kwetu Naitiri kuniposa. Kijana aliyenitaka aliitwa Barasa, wa mtaa wa Matisi. Nilimpenda, sitakuzungusha. Nilimpenda mpaka nikawa naunguza maharagwe jikoni, na mama akajua bila kuambiwa.

Baba yangu wakati huo alikuwa ametoka hospitali karibuni. Alipasuliwa tumbo, na daktari akamruhusu kurudi nyumbani kwa sharti kwamba ale uji, viazi vya kuponda na supu nyepesi, basi. Ukimwona kwenye kiti chake, koti limemlegea mabegani, ulijua hana nguvu za kupambana na ugonjwa mwingine. Mama alitaka posa iahirishwe. Baba akakataa, akasema anataka kuniona nikitolewa kwa heshima akiwa hai. Tena akatukataza kuwaambia wageni habari za ugonjwa wake, wasije wakadhani wanaoa kwenye nyumba yenye matanga.

Wageni wakafika. Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa Barasa, aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, na kila mtu alimwita Sajini. Mtu mrefu, viatu vinang'aa hata baada ya kuvuka matope yetu, sijui alifanyaje. Wageni wa posa huja na sukari, majani ya chai, mkate, pengine na blanketi. Sajini alileta hivyo vyote, kisha akaweka mezani sanduku la mbao na kulifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na mikebe ya kijani isiyo na picha, biskuti za pakiti, na chokoleti kwenye karatasi ya kung'aa. Kilikuwa chakula cha jeshi, alichotoka nacho kambini alipostaafu. Naye alistaafu kabla Barasa hajaanza shule.

"Hii si chakula ya duka," alisema. "Hii ndiyo iliniweka hai kule mpakani. Nimeitunza miaka hii yote, sijawahi kupea mtu wa nje. Leo nyinyi si watu wa nje."

Usimcheke, mwanangu. Kuna watu huleta ng'ombe na moyo wameuacha nyumbani. Huyu alileta moyo wenyewe, ila ulikuwa umepitwa na wakati. Na watu wetu unawajua: kukataa chakula cha wakwe mbele ya macho yao ni kuwakataa wao. Kwa hiyo biskuti zikazungushwa. Zilikuwa ngumu kama kigae na zilinuka mafuta ya taa. Chokoleti ilikuwa imegeuka nyeupe na kuwa unga mdomoni. Wazee wetu wakatafuna na kusifu. "Tamu sana," walisema, huku wakiomba chai iongezwe.

Mimi nilikuwa jikoni. Msichana wa kuposwa huitwa mara moja tu, anaulizwa kama anawafahamu wageni, anasema anawafahamu, kisha anarudi alikotoka. Sauti yake haisikiki tena siku hiyo. Senge Rasoa, dada yake baba, alipokuja kuniita, nikajifunga leso vizuri na kumfuata, nikirudia jibu langu kimoyomoyo.

Nikaingia sebuleni wakati Sajini anatoboa mkebe wa nyama kwa kisu. Mkebe ulikuwa umefura juu na chini. Ulitoa upepo, fsss, povu likamwagika mezani, na harufu ikanifikia pale mlangoni. Wazee wakatazama dari. Mmoja akakohoa. Sajini akachota kijiko kizima na kumkabidhi baba kwa mikono miwili.

"Nyama ya jeshi lazima inuke kidogo, bana. Mzee wa boma ndiye anaanza."

Baba akakishika kile kijiko. Kisha akanitazama, na nikaona ameshaamua. Angemeza ili mimi niolewe.

"Papa, usikule!" nilipiga kelele. "Hiyo imeoza!"

Senge akanishika mkono. "Nekesa! Unatuaibisha mbele ya wakwe? Rudi jikoni!"

Sikurudi. Nilikwenda nikamnyang'anya baba kijiko, nikakirudisha mkebeni. Nikamtupia jicho Barasa. Alikuwa anatazama viatu vyake, nami nikamuaga moyoni palepale. Nikajiambia, heri nikose mume kuliko nikose baba.

Sajini akasimama. "Ati chakula yangu imeoza?"

"Ndiyo, baba," nikamjibu, machozi yananitoka. "Nisamehe kukusemesha hivi mbele ya watu. Lakini Papa amepasuliwa tumbo juzi tu. Akikula hiyo, tutamzika."

"Amepasuliwa? Na mbona hakuna mtu ameniambia?"

Ndipo mkewe, Mama Nafula, mwanamke mnene mpole ambaye hakuwa amesema neno tangu waingie, akaweka kikombe chake chini.

"Baba Nafula, wacha na mimi niseme. Hiyo mikebe hatujawahi kula."

"Si nawafungulia kila Krismasi?"

"Unatufungulia, unaenda kusalimia majirani. Mimi napelekea mbwa."

Sajini akauangalia mkebe. "Na mbwa anakula?"

"Alikuwa anakula. Siku hizi hata yeye amekataa."

Wa kwanza kucheka alikuwa baba yangu. Alicheka akiwa ameshika tumbo, anaomba, "Wacheni bana, nyuzi zitakatika!" na kadiri alivyoomba ndivyo tulivyozidi. Senge alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Sajini peke yake hakucheka. Aliketi polepole, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe miaka hii yote nilidhani niko na familia," alisema, "na niko na kikosi. Wananipigia saluti tu." Halafu akanigeukia. "Huyu tunamchukua. Nyumba yangu haina mtu kama huyu."

Alikwenda mwenyewe kuchimba shimo nyuma ya shamba, na viatu vyake vile, akaifukia mikebe yote. Aliporudi hakutaka kuku tuliyemwandalia. Aliomba viazi vya kuponda, akala pamoja na baba. Na baba, Mungu ashukuriwe, alipona. Alimbeba kifungua mimba wetu, mimi na Barasa, kwa mikono yake mwenyewe. Sasa unaelewa kwa nini nashusha pumzi.

Jioni ile Senge aliniita kando, tukiwa tunasuuza vikombe. Nilidhani nitachapwa. Akaniambia, "Tulikuwa wakubwa wengi pale ndani, na sote tulisikia harufu. Tukakuachia wewe kazi yetu. Hiyo aibu si yako." Sijawahi kusikia mtu mzima akisema maneno magumu kama hayo kwa sauti ya upole hivyo.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Waheshimu wakubwa, piga magoti unaposalimia, pokea zawadi kwa mikono miwili. Lakini ukiona hatari inakaribia kinywa cha mtu unayempenda, sema, hata kama siku hiyo umeambiwa unyamaze. Sema kwa adabu, lakini usingoje mwingine akusemee. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye boma, wachunguze wanaokusifu kila kitu. Waulize mara ya pili, kisha uwape nafasi ya kukujibu bila kuogopa uso wako.

Mungu akulinde uendako na akurudishe salama. Akupe nyumba ambayo mdogo kuliko wote anaweza kukukatalia mchana kweupe, na jioni mkaketi kula pamoja.