Beseni la Mgiriki

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani nawabembeleza. Nina hasira, na ni hasira ya siku nyingi. Hapa Lozells, ughaibuni ninakoishi, nikisikia tu harufu ya sabuni ya mche narudi utotoni, katika mji wetu wa mkonge, nyumbani kwa Mgiriki. Alikuwa balozi mdogo wa nchi yake na mwandishi wa vitabu. Mama yangu alikuwa mpishi wake. Chumba chake cha vitabu kilijaa hadi darini, na mlangoni aliweka beseni la maji, sabuni na taulo. Ukinawa, unaingia, unashika unachotaka. Hakuwa na sharti jingine. "Haya, binti wa mpishi, lete viganja," ananiambia, kisha anavinusa kama paka aliyeona samaki, tunacheka. Shule walipelekwa kaka zangu. Mimi herufi nilizijulia pale sakafuni, kwenye kitabu kikubwa cha picha za ndege, ambamo yeye mwenyewe aliandika majina yao ya Kiswahili kwa penseli. Nilikuwa nimefika nusu.

Akahamishwa. Vitabu vyote akaupa mji, akasema mbele ya watu kwamba ni vya watoto, na beseni akaliacha pamoja navyo. Nilinawa nyumbani hadi vidole vikakunjamana, nikaenda kwenye maktaba ya mji. Nikakuta makabati ya vioo, makufuli, na karani amekaa.

"Nataka cha ndege."

"Na mikono hiyo ya jikoni? Hivi ni vya kutazamwa."

"Nimenawa."

"Kanawe tena, kisha ubaki hukohuko."

Beseni lilikuwa pembeni, limetiwa miavuli. Yule karani hakununua hata kimoja, wala sikumwona akifungua hata kimoja, lakini aliwafungia wenyewe, yaani sisi watoto! Nusu ile ya pili sijaisoma hadi leo.

Mjukuu wangu Yusra, aliyezaliwa hapa, ana vitabu vyake mwenyewe. Juzi mama yake, mkwe wangu Rehema, kaleta kabati la vioo lenye ufunguo. "Mama, Yusra na wenzake wanavishika kwa mikono ya chipsi," akaniambia. Yusra alisimama, pua kwenye kioo. Mimi nikanyoosha mkono.

"Rehema, ufunguo huo nipe mimi. Beseni la kufulia liweke hapo mlangoni, na sabuni, na taulo. Anayetaka kusoma anawe, afungue. Kabati hili halifungwi tena."