Njia ya Kitale, Foleni ya Bungoma

Mama alikuwa ameitangazia foleni nzima kwamba mashine ya kugawa mbegu ni kazi ya mwanawe. Nilijifanya sisikii, lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Programu ya mashine hiyo niliiandika Kitale, kwenye ofisi kuu ya chama cha wakulima. Ndani yake mlikuwa na swali moja kwa hifadhidata: nipe mwanachama mwenye jina hili, wa kijiji hiki. Ili kompyuta isikae ikiwaza upya kila mkulima anapofika, niliifanya ichague njia ya kutafuta mapema, mara moja tu, nikaifungia njia hiyo ndani ya programu. Ikawapima wanachama wa Kitale, watu waliofuata mashamba kutoka kila pembe ya nchi, majina ya kila aina, ikaamua: tafuta jina kwanza, kijiji baadaye. Majibu yakawa yanatoka chapuchapu. Nikaibeba hivyo hivyo hadi tawi la Bungoma.

Sasa, kwetu Bungoma mtoto hupewa jina la msimu aliozaliwa. Mama ni wa mavuno, na nusu ya foleni ile pia. Kompyuta ikawa inawakusanya kina mama wote wa mavuno, kisha inapekua mmoja mmoja kuona ni wa kijiji gani, na foleni ikakwama. Na mimi mwenyewe nina jina la mvua! Nilitamani ardhi inimeze.

Nje mawingu yalishaanza kujikusanya, na shamba la Mama lilikuwa tayari, linangoja mbegu tu.

"Ati mashine imerara?" mzee mmoja akauliza. "Kwani ni ya nani hii, bana?"

Nikamtazama Mama. Mama akaangalia ukuta.

Iliniuma, sitaficha. Nikaiamuru kompyuta iwapime wanachama upya, wa Bungoma safari hii, kisha ichague njia nyingine. Ikaamua kuanza na kijiji. Foleni ikaanza kwenda.

Mama alipofika dirishani, alitaja jina na kijiji, na kabla hajafunga mdomo mbegu zake zikatolewa. Akajitwika mfuko, matone ya kwanza yakigonga mabati. Mlangoni akageuka.

"Papa," akaniita, kama kina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao, kwa sauti ya kufika stesheni, "jioni uje nikuchinjie kuku." Kisha akaigeukia foleni. "Si niliwaambia ni wangu?"