Ndezi wa Ukweni

Tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire nilikuwa nimependa, tena kupenda kwa kuchanganyikiwa. Binti alikuwa wa Koboko, na baba yake, askari mstaafu, alitaka kunipima kwanza.

"Kijana, leta nyama," aliniambia. "Lakini ya kuwinda. Ya kusaka mimi hapana taka."

Sisi wa Logiri tofauti hiyo tunaijua. Kuwinda ni wewe, mkuki na kimya chako. Unanyatia, unavizia, na ukipata ni chako mpaka mkia. Kusaka ni kijiji kizima na mbwa, majani yanachomwa, watu wanapiga kelele. Nyama yake ni ya wote, hata aliyepiga kelele tu ana kipande.

Basi nikafikia kwa shangazi palepale Koboko, nikawinda. Siku nne! Siafu walinipanda mpaka kwapani. Paa mmoja akaja karibu kabisa, nikapiga chafya.

Siku ya tano nikasikia watu wanasaka ng'ambo ya kijito. Nikajitosa. Ndezi, lile panya kubwa la majani, akachomoka motoni, akawapita mbwa wote, akaja kwangu. Mkuki nikautupa! Nikageuka nikimbie, nikateleza, nikamkalia. Wallahi nilimkalia, akafa. Watu walicheka mpaka wakagaagaa, na wakiwa bado wanacheka nikamtia ndezi begani, mbio kwa mzee.

"Umewinda?"

"Nimewinda, mzee."

Binti akabandika sufuria, anatabasamu. Moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma.

Maji hayajachemka, uwanja ukajaa watu, mbwa na mapanga. "Hodi, mzee! Huyu kijana amekalia ndezi yetu!"

Binti akafunika uso kwa kanga.

"Nilisaka, mzee," nikasema. "Nimekudanganya. Nisamehe."

Alinitazama, kisha akawatazama wale watu, thelathini hivi, wanasukumana penye sufuria. Akaanza kucheka, machozi yakamtoka.

"Tangu sisi narudi, hii uwanja haijajaa namna hii!"

Nyama ilipoiva akamkata ndezi mwenyewe, vipande vidogo kama kucha, kila mtu chake. Mimi nikapewa mkia.

"Sasa sikia," akasema. "Mtoto wangu hapana windwa na mutu moja. Enda Logiri, leta watu yako yote."

Nilikimbia na mkia wangu mdomoni.