Nilimsifu Mtoto kwa Kunyamaza

Nimekosa, jameni. Sitafuti wa kunitetea. Jina usiniulize, wewe nisikilize tu.

Nauza mitumba hapa soko la Gatitu. Binti yangu, tumwite Ciku, alikulia kwenye katoni chini ya meza yangu. Sisi wa sokoni tunaijua hiyo katoni: unatandika sweta kuukuu, unaweka mtoto, unaendelea na kazi. Katoni haina kosa. Kosa ni langu.

Ciku alipoanza kutembea, alikuwa akiokota vifuniko vya soda ananiletea. "Mami, shika! Nunua!" Alitaka tucheze duka. Mimi je? "Ai, niondokee, kuna kastoma!" Nikampa simu aangalie katuni. Akatulia tuli! Wateja wakawa wananiambia, "Mtoto wako ni mpole, hata hasumbui." Kichwa kikanivimba.

Jirani yangu anayeuza mboga alikuwa na msichana wa umri huo huo. Walikuwa wanahesabu nyanya pamoja, wanaimba, mama anajifanya mteja, ati "Nipunguzie, mdosi!" Nikamcheka. Nikamwambia, "Wewe, kufundisha ni kazi ya mwalimu." Haki, huu mdomo wangu!

Leo wote wako gredi ya tatu. Wa jirani anasoma mpaka maandishi ya magunia. Ciku wangu akiulizwa swali anainama tu. Juzi mwalimu aliniita, akaniuliza kwa upole, "Mama Ciku, akiwa mdogo mlikuwa mnacheza? Mnaongea?" Nikalia mbele yake, mtu mzima mimi!

Mwalimu anasema watoto hutofautiana, nisikate tamaa. Labda sababu si kukosa kucheza pekee. Lakini roho yangu inajua nilichomnyima, na sijui nitakirudisha vipi.

Jumapili tukitoka kanisani niliokota vifuniko. Nyumbani nikaketi sakafuni, nikaita, "Ciku, njoo tucheze duka." Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akaniangalia. Halafu akauliza polepole, "Mami, nimekosa nini?"

Wueh! Nilibaki na vile vifuniko mkononi.

Wewe ambaye mtoto anakuvuta rinda saa hii, tafadhali, weka hiyo simu chini. Akikuletea kifuniko, nunua! Siku moja ataacha kukuletea, na wewe utadhani amekuwa mpole.