Siku Sista Kinya Alipofumba Macho

Sista Kinya ana mikono laini na mdomo wa moto. Mimi niko maabara, ukuta mmoja na leba, wodi ya kujifungulia, kwa hiyo nasimulia niliyoyasikia kwa masikio yangu. Akina mama wa Githongo humlalamikia kila kukicha, kisha wakibeba mimba nyingine wanamtafuta yeye tu.

Kazi ni nyingi na wauguzi ni wachache. Kinya akichoka, anafoka. Mwezi uliopita Njagi, msimamizi wa kituo, alimwonya kwamba lalamiko jingine moja tu litamtoa leba, apelekwe kukaa stoo ya dawa. Kwake hicho ni kifungo. Kupokea watoto ndiyo raha pekee anayoipata kazini.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeletewa mwalimu kutoka Meru mjini, atufundishe kutuliza akili. Hasira ikipanda, fumba macho, fuata pumzi inavyoingia na kutoka, ndipo ujibu. Kinya alicheka hadi akashika mbavu. Baada ya lile onyo, alikoma kucheka.

Juzi asubuhi akaja Kiende, uchungu umemshika, akisindikizwa na mama mkwe wake, Regina. Regina alikatazwa kumpa mgonjwa uji kitandani. Akampa. Ukamwagika wote kwenye shuka safi. Nikangoja kumsikia Kinya akifoka, lakini sikusikia kitu. Nikachungulia. Kinya alikuwa amesimama, mkono juu ya tumbo la Kiende, macho ameyafumba, anavuta pumzi polepole huku midomo ikimtetemeka.

Sasa huku kwetu, nani hufumba macho hospitalini kama haombi? Na nesi akianza kuomba, ujue dawa zimeshindwa. Regina akapiga magoti, akamwita Mungu kwa Kimeru kwa sauti ya kufika sokoni. Waliokuwa kwenye benchi nje wakadakia kwa wimbo. Kiende, maskini, akaanza kuusia nani atamlelea watoto. Hata mimi niliyejua ukweli nilivua kofia.

Njagi akaja mbio.

“Sista, sema tu,” Regina alilia. “Mtoto ametuacha?”

Kinya akafumbua macho. “Mtoto ako sawa, mama. Ni mimi. Nimechoka, na nilikuwa karibu kukutusi.”

Nilijua amejimaliza mwenyewe. Njagi akauliza kwa ukali ni nani aliyeanzisha kelele.

“Ni mimi,” Regina akasema, akipangusa machozi. “Huyu amenyamaza tu.” Kisha akamgeukia Kinya, sauti ikashuka. “Fumba tena, mwanangu. Wewe bado hatujakuombea.”

Kinya alilia, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Wakafumba macho wote, Njagi pia, hadi Kiende alipowakumbusha kwa hasira kwamba kuna mtu anazaa. Kinya akajifuta uso, akavaa glavu, na Njagi akampisha.